Mafunzo ya dharura tumehudhuria, vyeti tunavyo: kwa nini saa tisa usiku mikono husahau?

#1 Tabibu_wa_Zamu (Kakamega)

Hamjambo wanajukwaa. Mimi ni afisa wa kliniki katika hospitali moja ya kaunti ndogo upande huu wa magharibi, na zamu yangu kubwa ni ya usiku. Mwezi uliopita nilihudhuria mafunzo ya siku mbili kuhusu changamoto za wagonjwa wa dharura. Mada ya sumu ilipewa dakika arubaini, tukanywa chai, tukapokea vyeti na alama zetu za elimu endelevu, tukarudi makwetu.

Siku kumi na moja baadaye, saa tisa usiku, bodaboda ilisimama mlangoni ikiwa imebeba watu watatu, na yule wa katikati alikuwa amelegea kama nguo iliyotolewa majini. Ndugu yake alisema maneno matatu tu: "Dawa ya kupe." Nilipomwuliza chupa iko wapi, alitazama chini.

Mgonjwa alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu. Mboni zake zilikuwa ndogo kama ncha ya sindano, mapigo ya moyo 44 kwa dakika, anapumua mara 10, shinikizo la juu la damu 88, haitiki akiitwa ila huvuta mkono akifinywa. Nikakumbuka slaidi: dawa ya shambani, mboni ndogo, mapigo ya polepole, basi ni oganofosfeti, ile jamii ya viuadudu, basi dawa yake ni atropini. Nikaanza na miligramu 2, baada ya dakika tano nikatoa 4, kisha 8, maradufu kila mara kama tulivyofunzwa. Mapigo yalipanda hadi 130, lakini mboni bado zilikuwa ndogo, na mimi macho yangu yalikuwa kwenye mboni. Nilikuwa naagiza dozi ya nne wakati muuguzi niliyekuwa naye, ambaye alikuwa amevunja ampuli 14 na kidole chake kinatoka damu, aliniuliza kwa sauti ya chini: "Daktari, mbona huyu mtu ni mkavu?"

Nikatazama. Mdomo ulikuwa mkavu, kwapa kavu, kifua hakina sauti ya maji hata kidogo. Tena ulikuwa mkavu tangu alipoingia. Hatukumfuta mate hata mara moja. Sukari ilikuwa 15.2, naye ndugu yake anasema hajawahi kuwa na kisukari. Tukaacha atropini. Kulipokucha alikuwa na joto kali, anachunachuna hewa kwa vidole, tumbo limenyamaza kabisa. Jioni yake alizinduka akaomba maji.

Alipona, kwa hiyo siji hapa kutafuta pole. Nina maswali mawili. Alikunywa nini? Na yale mafunzo ya siku mbili yalinisaidia au yalinipotosha?

#2 Sista_Njoro

Swali la kwanza nina jibu lake, na huyo muuguzi mwenzangu amlipiwe chai na mandazi kabla ya mwisho wa wiki.

Sisi wa huku Njoro na Molo tunaishi na ng'ombe, kwa hiyo dawa ya kupe tunaijua kuanzia joshoni. Tatizo ni kwamba "dawa ya kupe" si jina la dawa, ni jina la kazi. Dukani utakuta za jamii ya oganofosfeti, utakuta za pairethroidi, na utakuta amitrazi, ambayo wafugaji wengi wanaipenda. Amitrazi haihusiani kabisa na kile kimeng'enya ambacho oganofosfeti hukizuia mwilini, hata mgonjwa akalowa mate na jasho na kifua kikajaa maji. Inafanya kazi kama zile dawa za kushusha shinikizo kupitia ubongo: inamlaza mtu, inapunguza mapigo, inashusha shinikizo, inabana mboni, na inazuia kongosho lisitoe insulini ipasavyo, ndiyo maana sukari inapanda. Mate hayamwagiki, jasho halitoki, kifua hakijai maji. Mgonjwa analala kama aliyechoka sana, kisha baada ya siku moja au mbili anaamka. Haina dawa ya kuizima. Unalinda njia ya hewa, unampa oksijeni na maji kwa kiasi, unamkinga na baridi, unangoja. Atropini ina nafasi yake pale tu mapigo ya polepole yanapomwangusha shinikizo, na kwa dozi ndogo, wala hupandi ngazi ya maradufu.

Niliyaona haya mara mbili katika kazi yangu. Mara ya kwanza nilikosea kama wewe.

#3 Mpenda_Samosa

Mafunzo ya siku mbili, mada ya sumu dakika arubaini. Je, mapumziko ya samosa yalikuwa dakika ngapi? Nauliza kwa ajili ya utafiti.

#4 Daktari_Kondele (Kisumu)

Ahsante, Tabibu, kwa kuandika bila kujificha. Wengi wetu tuna kisa kama hiki na tumekifunika.

Ninakubaliana na Sista kwa sehemu, lakini nisingependa vijana wanaosoma hapa waondoke wakiogopa atropini. Kwa ulichokiona ulipofungua mlango, miligramu 2 za kwanza hazikuwa kosa: shinikizo lilikuwa 88 na mapigo 44. Kosa lilikuwa dira. Katika sumu ya oganofosfeti tunapandisha atropini mpaka kifua kisikike safi, mapigo yapite 80, na shinikizo la juu lipite 80. Mboni si dira, kwa sababu huchelewa kubadilika na zinaweza kubaki ndogo huku mgonjwa ameshapata dawa ya kutosha. Wewe ulikuwa na kifua safi tangu mwanzo, na mapigo yakafika 130. Kwa vipimo hivyo ulikuwa umefika kabla ya kupanda ngazi ya tatu. Ile homa, kule kuchuna hewa na kile kimya cha tumbo ni atropini iliyozidi, wala si sumu.

Naongeza neno la upande wa pili, maana nimewahi kuona madhara yake pia: mgonjwa anayetokwa povu, mapigo 120, na daktari mwanagenzi anakataa kutoa atropini "kwa sababu moyo unakwenda mbio". Moyo kwenda mbio hakuzuii atropini ikiwa kifua kimejaa maji. Mgonjwa huyo anazama ndani ya mapafu yake mwenyewe.

#5 Duka_la_Mifugo (Kitale)

Mimi si wa hospitali, ninauza pembejeo na dawa za mifugo, lakini uzi huu unanihusu. Sista (#2) amesema kweli kuhusu jina. Naongeza jambo ambalo huenda madaktari hamlioni: mfugaji mwenye ng'ombe wawili hanunui chupa ya lita moja. Anataka kupimiwa ya mia moja, naye huja na chupa ya soda. Mimi hukataa, lakini si wote hukataa. Ile dawa ikishaingia kwenye chupa ya soda imepoteza jina, rangi ya kifuniko, na maelezo yote. Hata chupa ikiletwa hospitalini, mtanusa tu.

Na msitegemee kunusa. Nyingi zimeyeyushwa kwenye kimiminika cha jamii ya mafuta, na zote zitanukia kama binamu wa mafuta ya taa.

#6 Mtoa_Usingizi (Eldoret)

Hicho kimiminika alichokitaja mwenye duka kina ubaya wake. Mara nyingi amitrazi ya kioevu huyeyushwa katika zailini, ambayo nayo peke yake humlaza mtu na huunguza mapafu akipaliwa. Kwa hiyo anayekimbilia kumwosha tumbo mgonjwa aliyelegea, bila mpira wa kulinda njia ya hewa, anaweza kuhamisha tatizo kutoka tumboni hadi kifuani. Hali kadhalika wale wanaomnywesha maziwa na mayai mabichi nyumbani, wakitumaini atatapika.

Sasa nataka kutia mchanga kwenye kitumbua cha Sista. Amitrazi inafaa, lakini si jibu pekee. Kabameti, jamii nyingine ya viuadudu, nayo hubana mboni, na athari yake hupita haraka, mara nyingi ndani ya siku moja, jambo linalolingana na kuzinduka jioni. Dawa kali za maumivu za jamii ya mofini hubana mboni na kupunguza pumzi hadi 10 bila kuleta mate. Na damu ikivuja kwenye shina la ubongo, mboni huwa nukta. Tabibu, ulijaribu naloksoni, ile dawa ya kuizima mofini? Ulipima shingo na miguu kama ina nguvu sawa pande zote?

#7 Tabibu_wa_Zamu

Naloksoni hatukuwa nayo. Miguu yote miwili ilisogea alipofinywa, na aliamka bila ulemavu, kwa hiyo shina la ubongo nimeliondoa. Mofini sioni angeitoa wapi kijijini kwao, ingawa siwezi kuapa. Kuhusu kabameti, sijui niseme nini, ningetarajia mate.

#3, mapumziko yalikuwa dakika arubaini na tano. Mada ya sumu ilishindwa na samosa kwa dakika tano.

#8 Mtoa_Usingizi (Eldoret)

Ungetarajia mate, naam. Lakini ulimpa miligramu 14 za kukausha mate, kwa hiyo ushahidi wa baada ya dozi ya kwanza umeuchafua mwenyewe. Usinichukie.

#9 Sista_Njoro

Mtoa Usingizi, soma tena #1. Amesema ulikuwa mkavu tangu alipoingia, hawakumfuta mate hata mara moja. Na kabameti haipandishi sukari hivyo.

#10 Mtoa_Usingizi (Eldoret)

Nimesoma. Amesema hawakumfuta, hakusema alitazama. Saa tisa usiku hayo ni mambo mawili tofauti. Na sukari hupanda kwa mtu yeyote aliye katika dhiki kali, tena imewahi kuonekana ikipanda katika sumu za jamii ya oganofosfeti. 15.2 ni nyingi, nakubali. Si hukumu.

#11 Mwalimu_wa_Chuo (Nakuru)

Naomba tuligeukie swali la pili, kwa kuwa ndilo la kichwa cha uzi, na kwa kuwa mimi ni miongoni mwa wanaosimama mbele na hizo slaidi.

Tabibu, mafunzo hayakukupotosha kwa kukupa habari za uongo. Yalikupotosha kwa kukupa mgonjwa ambaye tayari ana jina. Slaidi inaanza kwa maneno "Sumu ya oganofosfeti", halafu inaorodhesha dalili. Mgonjwa wako alianza kwa mlango kufunguka. Tunafundisha kutoka kwa jina kwenda kwa dalili, nanyi usiku mnakwenda kinyume: kutoka kwa dalili kwenda kwa jina, tena dalili zenyewe zikiwa nusu. Mimi mwenyewe nimefundisha hivyo kwa miaka mingi, na mtihani wa mwisho unathibitisha kwamba wanafunzi wangu wameelewa, kwa sababu hata mtihani unaanza na jina.

Yale mafunzo ya msingi ya huduma ya dharura ambayo Shirika la Afya Duniani liliyatoa mwaka 2018 yanajaribu kurekebisha hili: yanaanza na mgonjwa asiyepumua vizuri, mgonjwa aliyezimia, mgonjwa ambaye mzunguko wake wa damu umeshindwa, mgonjwa aliyejeruhiwa. Jina la ugonjwa linakuja baadaye. Kwa wagonjwa wa aina ya Tabibu, kama angepewa zoezi moja tu la "amezimia, mboni ndogo, sasa tofautisha", angejiuliza swali la mate kabla ya dozi ya kwanza.

#12 Daktari_Kondele (Kisumu)

Mwalimu, nakubali kwa asilimia kubwa, lakini mpangilio wa somo hauelezi yote. Mimi nina maelezo mengine: alifunzwa peke yake. Yule muuguzi aliyeuliza kuhusu ukavu hakuwapo kwenye semina, sivyo? Hospitali inampeleka mmoja, anarudi na cheti, na wale wanne anaofanya nao kazi usiku hawajui alichofunzwa. Stadi za kufufua mgonjwa, hata zikifunzwa vizuri, huanza kufifia ndani ya miezi 3 hadi 6 zisipofanyiwa mazoezi. Zikifunzwa kwa mtu mmoja kati ya watano, nadhani hazifiki hata huko.

#13 Tabibu_wa_Zamu

Hakuwapo. Wauguzi wana utaratibu wao wa alama, nasi tuna wetu, kila baraza na wake. Tuliosoma pamoja pale hotelini hatujawahi kufanya kazi pamoja usiku hata mmoja, na ninaofanya nao kazi kila usiku sijawahi kusoma nao.

#14 Baba_Wawili (Ahero)

Habari zenu. Mimi naona mnawaonea wakufunzi bure. Elimu endelevu hubadilisha kazi ikiwa ina ushahidi wa kutosha. Tazameni watoto wenye mshtuko, yaani mzunguko hafifu wa damu. Zamani tulikuwa tunamiminia maji ya dripu haraka haraka kila mtoto mwenye homa na mikono baridi. Kisha ukaja ule utafiti mkubwa uliofanyiwa hapa Kisumu, ukaonyesha kwamba maji yanaua watoto, na sasa hatuwapi maji. Semina ilitosha.

#15 Daktari_wa_Watoto (Kakamega)

Baba Wawili, salamu, na uniwie radhi kwa kukusahihisha mara tatu katika ujumbe mmoja.

Utafiti unaousema unaitwa FEAST, matokeo yake yalitoka mwaka 2011. Haukufanyiwa Kisumu. Kwa Kenya ulifanyiwa Kilifi. Vituo vingine vilikuwa Uganda, ikiwemo Mbale na Soroti ambazo si mbali na sisi, na kimoja Tanzania. Uliwahusu watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu. Waliopewa maji ya haraka walifariki zaidi ndani ya saa 48: kama 10.6 kwa mia kwa waliopewa albumini (maji yenye protini ya damu) na 10.5 kwa waliopewa maji ya chumvi, dhidi ya 7.3 kwa waliopewa maji ya polepole ya kawaida.

Pili, hausemi "tusiwape maji". Kundi lililofanya vizuri lilipata maji, ila si kwa kumiminiwa. Tatu, na hili ndilo linaloniogopesha: watoto wanaoharisha hawakuwemo. Mtoto aliyekauka kwa kuhara, macho yamezama, ngozi ikivutwa inabaki imesimama, anahitaji maji haraka kwa mpango wake unaojulikana. Nimepokea rufaa ya mtoto wa namna hiyo, dripu inadondoka tone kwa tone, na barua imeandikwa kwa mwandiko mzuri kabisa kwamba maji yalizuiwa kufuatana na ushahidi mpya.

Kwa hiyo mfano wako unamwunga mkono Mwalimu (#11), haukuungi mkono wewe. Semina ilifika, lakini iliyofika ni sentensi moja iliyokatwa mkia.

#16 Baba_Wawili (Ahero)

Nimesahihishwa na nimepokea. Kwa kujitetea kidogo, ya Kisumu niliambiwa kwenye semina.

#17 Mpenda_Samosa

Baada ya samosa au kabla?

#18 Dereva_Mwekundu (Rongai)

Wakubwa wangu, mimi ni dereva wa ambulensi katika barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, ile ya Salgaa na Sachangwan. Nasoma uzi wenu kimya tangu jana, sasa naomba nafasi.

Mnazungumza daktari kufunzwa bila muuguzi. Je, dereva? Mimi ndiye ninayemfikia mgonjwa wa kwanza, na mara nyingi nyuma yupo muuguzi mmoja tu na majeruhi wawili. Pale Sachangwan mwaka 2009 lori la mafuta lilipolipuka na kuua watu zaidi ya mia moja, sikuwa nimeanza kazi hii, lakini walionitangulia wanasimulia kwamba kilichokosekana kwanza ni mtu wa kusema huyu aende, huyu angoje. Hilo ni somo la kufunzwa, nalo halihitaji shahada. Mimi nimefunzwa kuendesha. Kumshikilia mtu kidevu ili apumue nilifunzwa na muuguzi mmoja tukiwa tumekwama kwenye foleni, mgonjwa akiwa katikati yetu, na tangu siku hiyo nimelifanya mara nyingi. Sina cheti chake.

#19 Sista_Njoro

Dereva, umesema jambo zito. Huyo muuguzi hakupewa alama hata moja kwa somo hilo, nawe pia hukupewa. Lakini kati ya mafunzo yote yaliyotajwa humu, hilo ndilo peke yake ambalo tuna hakika lilifanya kazi.

#20 Karani_wa_Sheria (Nakuru)

Kuna jambo ambalo nyote mmelipita. Kwa nini ndugu wa mgonjwa alitazama chini alipoulizwa chupa?

Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Familia zilijua kwamba chupa ni ushahidi, na hospitalini kuna polisi. Basi chupa ilitupwa chooni, na mgonjwa "alikunywa kwa bahati mbaya" au "alikula kitu". Mwezi Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Habari hizo hazijashuka hadi kijijini, na sina hakika zimefika katika kila kaswalti. Sidai kwamba mgonjwa wa Tabibu alikusudia. Huenda kweli alikosea chupa gizani. Ninachosema ni kwamba daktari anayeuliza "chupa iko wapi?" kwa sauti ya mpelelezi hatapata chupa. Mngefunzwa kuuliza kwa namna nyingine: "Hakuna atakayeshtakiwa, nataka kujua nimpe dawa gani." Hilo nalo ni stadi ya dharura.

Na kwa kuwa nimeshaingia: ibara ya 43(2) ya Katiba inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Haisemi lolote kuhusu amana.

#21 Tabibu_wa_Zamu

Karani, umenipiga pale penye kidonda. Niliuliza kwa ukali. Nilikuwa nimeshika bomba la sindano mkononi, na nadhani nilimwuliza mara tatu.

#22 Msimamizi_Mstaafu (Webuye)

Nimekuwa matroni kwa miaka mingi, nimestaafu, kwa hiyo sina wa kumwogopa.

Mwalimu anasema shida ni mpangilio wa somo. Daktari wa Kondele anasema shida ni mtu kufunzwa peke yake. Karani anasema ni namna ya kuuliza. Mimi nasema ni rafu ya dawa. Mnaweza kumfundisha Tabibu kutofautisha sumu kumi, lakini alikuwa na dawa moja tu, atropini, na mtu mwenye nyundo peke yake atapiga tu. Naloksoni hakuna, kasha la mkaa wa kunyonya sumu sijui kama lilikuwapo, mashine ya kupumulia haipo. Kama angejua ni amitrazi, angefanya nini zaidi ya kuketi na kumtazama? Na kuketi tu mbele ya ndugu wa mgonjwa saa tisa usiku ni kazi ngumu kuliko kuvunja ampuli. Hilo hamlifundishi popote. Tena aliyefunzwa leo atahamishwa zahanati mwezi ujao, na nafasi yake itachukuliwa na mgeni.

#23 Daktari_Kondele (Kisumu)

Mama, shikamoo. Napinga kidogo. Hata rafu ikijaa, hoja haibadiliki. Chukua pralidoksimu, dawa nyingine ya sumu ya oganofosfeti, ambayo wengi wanailaumu hospitali kwa kutokuwa nayo: utafiti mmoja wa India mwaka 2006 ulionyesha kwamba dozi kubwa inasaidia, na mwingine wa Sri Lanka mwaka 2009 haukuona faida. Ukiiweka rafuni, bado utahitaji mtu anayejua kwamba wakubwa hawajakubaliana. Na kuketi na kumtazama mgonjwa, ukihesabu pumzi kila robo saa, ni tiba. Mgonjwa wa oganofosfeti anaweza kuonekana amepona, kisha kati ya siku ya kwanza na ya nne ashindwe kupumua kwa udhaifu wa misuli. Dalili ya mapema ni kwamba hawezi kuinua kichwa kutoka kwenye mto. Kuomba mtu ainue kichwa hakugharimu shilingi.

#24 Msimamizi_Mstaafu (Webuye)

Marahaba, mwanangu. Anayemhesabia pumzi kila robo saa ni nani, na wodi ina muuguzi mmoja kwa wagonjwa arubaini?

#25 Mtoa_Usingizi (Eldoret)

Kimya kimeingia. Niongeze la kazi yangu kabla uzi haujalala: mkilazimika kumwekea mgonjwa wa namna hii mpira wa hewa, kumbukeni kwamba saksamethoni, ile dawa ya kulegeza misuli, inaweza kudumu kwa muda mrefu kupita kiasi iwapo ni oganofosfeti. Kama hamjui alikunywa nini, chukulieni kwamba itadumu.

#26 Sista_Njoro

Sisi hapa tulianza jambo dogo, sijui litadumu. Wakati wa kukabidhi zamu ya jioni, kabla ya hesabu ya vifaa, mmoja anatoa mgonjwa wa kubuni kwa sentensi moja, na wengine tunasema kwa sauti kila mmoja angefanya nini: tabibu, muuguzi, hata mhudumu anayesukuma machela. Dakika tano tu. Jana nilitoa wa Tabibu: "Dawa ya kupe, mboni nukta, mapigo 44." Aliyeuliza kwanza "Je, amelowa au mkavu?" alikuwa mhudumu wa machela, kwa sababu nilikuwa nimemsomea uzi huu wakati wa chai. Kwa hiyo si ushahidi.

#27 Baba_Wawili (Ahero)

Na alama mnapata?

#28 Sista_Njoro

Hatupati. Dereva hakupata, nasi hatupati.

#29 Mwalimu_wa_Chuo (Nakuru)

Sista, nakuomba ruhusa nikichukue kisa hicho kwa darasa la mwezi ujao, bila majina wala mahali. Safari hii sitaweka jina la sumu kwenye slaidi ya kwanza. Wala ya mwisho, maana hata sisi hatujakubaliana.

#30 Tabibu_wa_Zamu

Mwalimu, chukua kwa upande wangu pia.

Leo asubuhi ndugu wa mgonjwa alirudi kuchukua kadi ya kliniki. Nilimwita kando, nikamwambia kama Karani alivyonishauri, kwamba hakuna atakayeshtakiwa. Akatoa chupa kutoka ndani ya koti: ya soda, nusu lita, imebaki kiasi cha kifuniko kimoja, kimiminika cha manjano hafifu. Amesema ilinunuliwa kwa kupimiwa, na aliyeuza alisema tu ni "ile ya kupe, kali". Nimeinusa. Inanukia mafuta ya taa.

#31 Duka_la_Mifugo (Kitale)

Niliwaambia. Ikimiminwa kwenye maji inageuka nyeupe kama maziwa?

#32 Tabibu_wa_Zamu

Nimejaribu tone moja kwenye glasi, nimevaa glovu. Imegeuka nyeupe.

#33 Duka_la_Mifugo (Kitale)

Basi inaweza kuwa yoyote kati ya zile nilizo nazo rafuni. Karibu zote hugeuka nyeupe. Hiyo glasi usiirudishe jikoni.